Bakuli la Bi Mwaka katika Nchi ya Mirathi

Katika nchi ya Mirathi nilikaa siku kumi na tisa, na kwa siku zote hizo niliuza jiwe moja tu. Mimi ni mchuuzi wa vinoo, yaani mawe ya kunolea na kusugulia. Kwingine, hata watu wasiponipenda hununua, kwa kuwa kila mahali pana kisu kibutu na kila mahali pana fundi. Mirathi visu vibutu vilikuwepo. Mafundi wa kunoa na kusugua ndio hawakuwepo, na nilipouliza sababu niliambiwa kwamba kila kitu chenye thamani kilikwisha kutengenezwa zamani.

Vitu hivyo vya thamani vilikuwa sahani na mabakuli ya kioo yaliyoachwa na wazee wa kwanza wa nchi. Hakikuwa kioo cheupe cha dirishani. Kilikuwa kioo cha maua: viduara mamia vya rangi ya feruzi, manjano, nyeupe na zambarau, vimebanana pasi na nafasi ya sindano, kila kimoja na ua lake ndani, na ukingo wa bakuli umezungushiwa uzi wa kioo uliosokotwa kama kamba. Nilionyeshwa mchoro wake ukutani katika nyumba ya Baraza. Mabakuli yenyewe hayaonyeshwi.

Sheria ya Mirathi ni fupi. Mwenye bakuli ana sauti. Anayetaka kusema barazani huweka bakuli lake mezani, na likiwa mezani husema. Mwenye bakuli na sahani husema mara mbili. Mwenye kipande tu cha bakuli lililovunjika huruhusiwa kuingia na kutikisa kichwa, kwa kukubali au kukataa, mradi asitoe sauti. Naye karani huandika "ametikisa," bila kuandika ametikisa vipi. Asiye na chochote hubaki nje. Akipata shida humtafuta mwenye bakuli amsemee.

Zamani kaya elfu nne zilikuwa na sauti. Lakini bakuli ni kitu cha kuvunjika, na nilipofika zilikuwa zimebaki kaya sitini na moja. Kwa hofu ya kuvunja, hakuna aliyekula tena katika mabakuli hayo. Wakubwa wa Mirathi walikula kwenye vifuu vya nazi na majani ya mgomba kama watu wao wa chini, na mabakuli yalikaa masandukuni yamefungwa kwa pamba na vitambaa. Hata barazani yaliwekwa mezani yakiwa ndani ya vitambaa vyake. Sheria ilitaka bakuli liwe mezani. Haikusema lifunguliwe.

Aliyenunua jiwe langu alikuwa mjane wa makamo aitwaye Bi Mwaka. Alinikuta nimekaa nje ya soko, akainama, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila jiwe.

"Hili linaondoa au linang'arisha?" aliuliza.

Kwa swali hilo nikajua kwamba nimempata fundi. Nikamwambia upande mmoja unaondoa na wa pili unang'arisha. Alilipa bila kubishana, kisha akaniuliza ninalala wapi. Nilipomwambia ninalala chini ya ukumbi wa soko, alisema kwake kuna chumba, na kwamba kodi yake itakuwa kazi ya mikono.

Nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa Bondeni, chini ya ukuta wa bwawa la mji. Ukuta huo ni mrefu kuliko mnazi, umejengwa kwa mawe na chokaa, nao hushikilia maji yote yanayoshuka kutoka milimani. Kabla hata ya kunionyesha chumba, Bi Mwaka alinipeleka kwenye ukuta na kuushika mkono wangu akauweka juu ya ufa.

"Mwaka juzi uliingia ukucha," alisema. "Leo weka kiganja."

Niliweka kiganja kwa ubavu kikaingia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Maji yalikuwa yakitiririka humo taratibu. Akayakinga, akanionyesha.

"Yakitoka meupe, ukuta unavuja tu. Yakitoka na udongo, ukuta unaliwa kwa ndani. Haya unayaonaje?"

Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameingia barazani na kipande kidogo cha bakuli alichoachiwa na marehemu mumewe. Kila mara jambo la bwawa lilipotajwa na Mwenyekiti kusema kwamba ukuta ni mzima, Bi Mwaka alitikisa kichwa kukataa mpaka shingo ikamuuma. Karani akaandika: ametikisa. Aliwaendea wenye mabakuli kumi na wanne awaombe wamsemee. Wote walimpokea vizuri, na hakuna aliyesema.

"Ndipo nikaona," aliniambia, "itabidi niwe na bakuli."

Alinifungulia chumba cha uani. Ndani mlikuwa na tanuri la udongo lisilozidi kimo cha mbuzi, magunia ya mchanga, magadi na chokaa, na kopo la wanja, ambao ukiyeyushwa ndani ya kioo hutoa manjano. Juu ya ubao mlilala fito za kioo, nyembamba kama mabua ya mtama, za kila rangi.

Nilimwuliza nani alimfundisha. Akanipa kile kipande cha mumewe. Nilikitazama, nikaona ua jeupe lenye kitovu cha manjano.

"Wote hutazama uso wake," alisema. "Mimi nilitazama palipovunjika."

Nikakigeuza ubavu. Ua halikuwa limechorwa juu. Lilipita ndani kwa ndani kutoka uso mmoja hadi wa pili, kama nyota iliyomo ndani ya bamia: ukate juu, ukate katikati, ukate chini, nyota ni ile ile. Jambo hilo dogo lilimgharimu miezi saba ya majaribio na kovu la moto lililotoka kiwiko hadi kiganja.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ya kodi yangu. Alipanga fito kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, ya manjano katikati, nyeupe kuizunguka, zambarau nje. Aliupasha mzigo moto mpaka fito zikashikana, kisha akanipa ncha moja kwa koleo na yeye akashika nyingine, tukarudi nyuma kinyumenyume, kila mtu upande wake wa uwanja wa nyumba, na kioo kikavutika katikati yetu kama asali. Mzigo uliokuwa mnene kama mkono ukawa ufito mwembamba kama kalamu, na ua lilikuwa bado limo ndani, limepungua bila kupotea. Akaukata vipande vyembamba. Akavipanga kimoja kimoja juu ya kigae cha udongo, akavizungushia ule uzi uliosokotwa, akaviyeyusha mpaka vikawa sahani moja bapa. Kisha akailaza sahani hiyo juu ya kalibu ya udongo yenye umbo la kifuu kilichopinduliwa, akairudisha motoni. Tulichungulia kwa zamu. Kioo kililegea polepole kikashuka kwenye mabega ya kalibu kama kitambaa chenye maji. Akakizika ndani ya majivu kwa siku mbili, kwa sababu kioo kikipoa kwa haraka hupasuka.

Hapo ndipo jiwe langu lilipoingia kazini. Tulisugua siku tatu kwa maji na mchanga laini, nje na ndani, mpaka vidole vyangu vikachubuka. Wakati huo mvua ilikuwa imeanza milimani. Kila alasiri Bi Mwaka aliacha kazi, akaenda ukutani, akarudi na kusugua kwa nguvu zaidi.

Asubuhi ya Baraza alilifunga bakuli kwenye kanga. Mlangoni alisimama akanitazama.

"Bwana Dadi, hawa wana adhabu zao. Mghushi wa bakuli hutiwa mikono yake kwenye udongo mbichi, na udongo huachwa ukaukie hapo mpaka udondoke wenyewe, mikono ikiwa imekwisha kufa. Mwizi wa bakuli hutupwa kwenye uwanda wa chumvi bila maji. Ukiona mambo yananiharibikia, usinitetee mimi. Tetea ufa."

Meza ya Baraza ilikuwa ndefu, na juu yake vilikuwa vimepangwa vifurushi sitini na kimoja vya kitambaa. Nyuma ya kila kifurushi alikaa mjumbe. Bi Mwaka alipita katikati yao, akafungua kanga yake na kuliweka bakuli mezani likiwa wazi. Mwanga wa dirisha ulipita ndani yake ukaimwagia meza rangi. Niliona wajumbe, mmoja baada ya mwingine, wakivuta vifurushi vyao karibu na vifua vyao.

"Ukuta wa bwawa una ufa upande wa Bondeni," alisema Bi Mwaka. "Maji yanayotoka yana udongo, na mvua ya wiki hii..."

"Ngoja," alisema Mwenyekiti. "Baraza husikia maneno baada ya kujua sauti inatoka wapi. Msoma Vioo atazame."

Msoma Vioo wa Mirathi ni afisa mwenye kazi ya kutambua bakuli la kweli na la uongo. Wakati huo alikuwa Bwana Shauri, mtu mwembamba mwenye glavu za pamba nyeupe, naye pia alikuwa na kifurushi chake mezani. Alilinyanyua bakuli kwenye mwanga. Alilizungusha. Alipitisha kidole kwenye uzi wa ukingo, akarudia mara ya pili.

"Umelipata wapi, mama?"

"Nimelitengeneza."

"Andika," Mwenyekiti alimwambia karani. "Amekiri kughushi."

"Bado," alisema Bwana Shauri. "Kughushi ni kutengeneza cha uongo. Hili ni la kweli."

Hapo ukaanza mjadala, nami naueleza kama nilivyousikia. Mjumbe mmoja alisema kwamba kama limetengenezwa mwezi huu, basi linaweza kutengenezwa mwezi ujao, na mwakani Bondeni nzima itakuwa imekaa kwenye meza hii. Mwingine alisema wazee wa kwanza hawakutengeneza mabakuli bali waliyakuta yakiota. Wa tatu alitaka Baraza liamue kwanza kama mwanamke aliyekiri kosa lisilowezekana ana kosa au ana ugonjwa. Mvua ilikuwa inapiga bati la nyumba ile, na kila ilipozidi wajumbe walipandisha sauti zao ili wasikilizane.

"Niiteni mghushi au mwizi, mtakavyo," alisema Bi Mwaka. "Lakini twendeni kwanza tukautazame ukuta. Ni hapo tu. Hata wali mlioacha jikoni hautakuwa umeiva tutakaporudi."

"Huna ruhusa ya kusema," Mwenyekiti alimjibu, "mpaka ijulikane kama una ruhusa ya kusema."

Kwa sheria yao raia hatoi ushahidi juu ya bakuli, kwa kuwa kila raia ama analo ama analitamani. Mgeni huweza. Nikaitwa mimi, lakini kabla sijasimama Baraza likapumzika kwa chakula, na Bwana Shauri akanivuta kwenye ukumbi wa nyuma.

"Sema umelileta wewe kutoka kwenu," alisema kwa sauti ndogo. "Bakuli la kigeni halina sauti, wala halina kosa. Utasindikizwa mpakani kwa heshima, naye atarudi nyumbani na mikono yake."

"Na ufa?"

Alitazama glavu zake. "Ufa haumo katika kesi hii."

Nilikaa pale na sahani ya ndizi ambayo sikuila. Nilikuwa nimemjua mwanamke yule kwa wiki moja na siku kadhaa. Katika fikra nilimwona akiwa na mikono ndani ya udongo mkavu, na mikono ile ndiyo pekee katika nchi nzima iliyojua kazi ya kioo. Uongo mmoja ungeiokoa. Lakini bakuli likiwa la kigeni, maneno yake yangefutwa pamoja nalo, na yeye alikwisha kuniambia nitetee nini.

Basi nilisimama nikasema kweli. Nilieleza fito, tanuri, kalibu na majivu. Nilisema habari ya bamia. Nikaonyesha vidole vyangu. Mwisho nikasema nimeweka kiganja changu ndani ya ufa wa ukuta, na kwamba huko kwetu ukuta wa namna hiyo watu huuhama siku hiyo hiyo.

"Bamia," alisema mjumbe mmoja, na wenzake wakacheka.

Mwenyekiti alinong'ona na waliokaa karibu naye, kisha akasoma uamuzi. Baraza limeona kwamba bakuli hili ni la wazee wa kwanza, kwa kuwa hakuna aliye hai awezaye kulitengeneza. Shahidi ni mgeni, na macho yake yamedanganyika. Kwa hiyo mwanamke huyu hakughushi. Ameiba.

Askari wawili walisogea. Bi Mwaka hakusogea. Karani, kijana mnene aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, akainua uso.

"Ameiba kwa nani?" aliuliza. "Daftari linataka jina."

Mwenyekiti alitazama meza. Daftari lilisema sitini na moja, na vifurushi vilikuwa sitini na kimoja.

"Aliyeibiwa ajitaje," alisema.

Hakuna aliyejitaja.

"Kama nimeiba," alisema Bi Mwaka, "basi kifurushi kimoja hapa hakina kitu. Vifungueni muone ni kipi."

Nimepita nchi nyingi, na nimeshaona watu wakiogopa simba, njaa na wafalme. Sijaona hofu kama ile ya watu sitini na mmoja waliowekea mikono vitambaa vyao. Bwana Shauri alikuwa mweupe kama glavu zake. Mvua ikaendelea juu ya bati.

Kisha mwanamke mmoja kwenye ncha ya meza akaanza kufungua. Aliitwa Bi Nyenje, mkubwa kuliko wote pale kwa umri, na vidole vyake vilikuwa vizito. Alitoa kitambaa cha kwanza, akakikunja vizuri. Akatoa cha pili, akakikunja. Ndani ya cha tatu kulikuwa na kifuu cha nazi.

"Langu lilivunjika wiki aliyozaliwa mjukuu wangu wa kwanza," alisema. "Mjukuu huyo sasa ana mke. Miaka yote hii nimesema hapa kwa kifuu, na kwa kuwa kilikuwa kifuu nimesema mambo madogo tu, ambayo hakuna mtu angeyabishia akaniambia nifungue. Bi Mwaka alikuja kwangu mwaka jana kuniomba nimsemee. Niliogopa. Sasa naomba twende tukautazame ukuta."

"Nani anasema?" aliuliza Mwenyekiti. "Sioni bakuli."

Karani alisita, kisha akakata jina la Bi Nyenje kwa mstari mmoja. Zikabaki sauti sitini. Baraza likaamua kwamba bakuli la Bi Mwaka litunzwe na Msoma Vioo, na kesi iahirishwe mpaka aliyeibiwa ajulikane. Askari waliuliza kama mshitakiwa akamatwe. Mwenyekiti akasema hakuna wa kumshitaki. Na bila mtu kutuzuia tukatoka, Bi Mwaka, Bi Nyenje na mimi, tukashuka Bondeni tukikimbia kwenye matope.

Maji ya ufa hayakuwa yakitiririka tena. Yalikuwa yakiruka, kwa unene wa paja, mekundu.

Bi Mwaka aligonga milango ya kushoto, na watu walimtazama tu. Walimzoea, kwa miaka mitatu alikuwa akiwaambia habari za ufa. Bi Nyenje aligonga milango ya kulia, kisha na ya kushoto, na watu walichukua watoto na magodoro wakaanza kupanda kilima. Walimjua kuwa ni mwenye bakuli. Mtaa mzima ulihama kwa amri ya sauti ambayo Bi Nyenje alikwisha kunyang'anywa saa mbili zilizopita, na hakuna kati yetu aliyewaambia. Mimi nilibeba wazee wawili na mbuzi mmoja.

Katika nyumba ya mwisho, karibu na ukuta, alikaa Mzee Kidau, mfinyanzi. Mkewe, Bi Chausiku, alikuwa ametangulia kilimani na wajukuu. Yeye alikuwa amekaa mbele ya tanuri lake lililojaa vyungu vibichi. Mchana ule alikuwa akiuza vyungu kwenye lango la Baraza, na kitu fulani alikisikia.

"Wewe mgeni ulikuwa ndani," aliniambia. "Wanasema Bi Nyenje amekatwa jina. Bado ana sauti au hana?"

Ningeweza kusema anayo. Neno moja. Siku nzima nilikuwa nimesema kweli, na kweli ilikuwa imekwisha kuwa mazoea ya kinywa changu.

"Hana," nilisema. "Lakini ukuta, mzee..."

"Basi nitangoja mwenye sauti," alisema kwa upole, kama mtu anayenifundisha desturi ya nchi. "Miaka sitini na tano sijahama kwa neno la mtu asiye na bakuli. Wakileta amri nitapanda."

Nilimvuta mkono. Alikuwa na nguvu za mfinyanzi, akajishika kwenye nguzo. Nilimwita Bi Mwaka, akaja, akampigia magoti kwenye matope. Mzee alimwinua, akamwambia asijichafue. Tulirudi mara tatu. Mara ya nne kulikuwa na maji magotini, na Bi Nyenje alituita kutoka juu kwa sauti ya kukatika, nasi tukaondoka.

Ukuta ulikatika kulipopambazuka. Tuliusikia kabla ya kuuona. Mtaa wa Bondeni, nyumba mia mbili na kitu, ulifunikwa kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Watu kilimani hawakupiga kelele. Walihesabiana. Kila kaya ilitimia isipokuwa moja.

Siku ya pili karani alipanda na kutusomea tamko la Baraza. Lilisema kwamba ukuta wa bwawa umebomoka bila kutanguliwa na taarifa yoyote ya mtu mwenye sauti, na kwamba Baraza linatoa pole. Alipomaliza kusoma alilikunja, akakaa chini pamoja na watu, na nilipoondoka katika nchi ile alikuwa bado hajarudi mjini.

Mzee Kidau tulimpata siku ya tatu, akiwa bado ndani ya ua wake.

Siku ya nne, tulipokuwa tukikanda udongo wa tanuri jipya la Bi Mwaka, Bwana Shauri alipanda kilima peke yake. Hakuvaa glavu. Alibeba kifurushi, akakiweka mbele ya Bi Mwaka na kukifungua mwenyewe. Kilikuwa na vigae vya sahani ya udongo ya kawaida, ya kulia ugali.

"Baba yangu ndiye aliyelivunja bakuli letu," alisema. "Akanirithisha kitambaa. Bakuli lako liko kwangu, nimeliweka kwenye sanduku, halijadhurika. Nimekuja kukuomba unitengenezee na mimi moja. Na wenzangu. Ni wengi kuliko unavyofikiri. Mtu asijue."

Bi Mwaka aliendelea kukanda udongo.

"Ulijua ufa upo," alisema. Hakuwa anauliza.

Bwana Shauri alichuchumaa kando ya vigae vyake.

"Niliuona mwaka juzi. Nilikwenda kupunga hewa juu ya bwawa nikauona. Nilitaka kusema. Lakini kusema jambo zito ni kubishiwa, na mwenye kubishiwa huambiwa afungue. Nikangoja mwenye bakuli la kweli aseme." Akapangusa uso. "Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akimngoja huyo."

"Mabakuli nitawafundisha kutengeneza nyote, na hapa hapa watu wote waone," alisema Bi Mwaka. "Siyo leo. Leo mwambie Bi Chausiku maneno hayo uliyoniambia mimi."

Alimwonyesha kwa kidole. Bi Chausiku alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya turubai, anachambua choroko kwenye ungo, na wajukuu wake wamelala ubavuni. Bwana Shauri alisimama akimtazama kutoka mbali kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama bakuli. Nilidhani atashuka arudi mjini. Kisha akaenda. Aliacha vigae vyake pale chini.

Niliweka chini jembe nililochimbia udongo. Bi Mwaka alinitazama, na sikuhitaji kumweleza. Nilikwisha kumwambia Mzee Kidau aliniuliza nini na mimi nilimjibu nini. Akaitikia kwa kichwa. Nikamfuata Bwana Shauri.

"Mama," alisema alipofika kwenye mkeka, "niliuona ufa."

Bi Chausiku hakuinua uso. Aliondoa jiwe dogo katika choroko, akalitupa. Akausogeza ungo pembeni, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kwenye mkeka.

"Kaa," alisema. "Sema yote."

Bwana Shauri akakaa, akaanza. Mimi nilisimama nyuma yake, nikingoja zamu yangu.